Kingamwili za maabara zipimwe hapa kabla ya kuaminiwa

Mfugaji wa Loliondo au Kajiado hahitaji darubini kuitambua ndigana kali. Ndama anazubaa, homa inapanda, tezi za chini ya masikio zinavimba, kisha pumzi inakuwa nzito na siku chache baadaye mzoga unaburutwa nje ya boma. Anayeua ni kidudu kiitwacho Theileria parva, ambacho huletwa na kupe wa masikio. Kidudu hiki kina tabia ya ajabu. Kikishaingia ndani ya chembe nyeupe ya damu ya ng'ombe hakiiui. Huifanya igawanyike bila kikomo, mfano wa saratani, nacho kikagawanyika pamoja nayo. Ng'ombe akipewa dawa ya kuua kidudu mapema, chembe hizo huacha wazimu wake na kurudi katika hali ya kawaida.

Swali la namna mgeni huyo anavyoishika seli usukani liliwashughulisha wanasayansi wa Kabete, Nairobi, katika kituo cha utafiti wa magonjwa ya mifugo cha ILRAD, ambacho leo ni sehemu ya ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo. Mwaka 1993 Onesmo ole-MoiYoi na wenzake waliandika kwamba katika seli zilizopagawa na Theileria, kimeng'enya kiitwacho kasein kinasi 2 kilikuwa kimepanda kupita kiasi. Miaka miwili baadaye David Seldin na Philip Leder, huko Marekani, waliwapandikizia panya jeni inayotengeneza sehemu ya kimeng'enya hicho, na baadhi ya panya wakaota saratani ya limfu. Ugonjwa uliodhaniwa kuwa wa zizini tu ukawa unazungumza na madaktari wa saratani.

Kazi ya kinasi yoyote ni moja: kuchukua kipande kidogo cha kemikali kiitwacho fosfeti na kukibandika kwenye protini. Edwin Krebs na Edmond Fischer waliiona kazi hiyo kwenye misuli miaka ya 1950, wakiwa Seattle, na mwaka 1992 wakapewa Tuzo ya Nobel. Protini iliyobandikwa fosfeti hubadilika umbo na mwenendo. Iliyolala huamka, iliyokuwa nje ya kiini cha seli huingia ndani, iliyokuwa na uhai mrefu huandikiwa kifo. Mwili wa binadamu una jeni 518 za kinasi kwa hesabu iliyochapishwa mwaka 2002, na karibu kila amri ya seli, ya kukua, kutulia au kujiua, hupita mikononi mwa mojawapo ya hizo. Dawa ya imatinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001 na ambayo wagonjwa wengi wa saratani ya damu nchini Kenya waliipata bure kupitia mpango wa msaada wa mtengenezaji, hufanya kazi kwa kuiziba kinasi moja tu iliyoharibika.

Kwa hiyo mtafiti anayetaka kujua seli imepewa amri gani, inambidi aione fosfeti. Hapo ndipo ugumu unapoanza. Fosfeti moja ina uzito wa daltoni 80 hivi. Protini iitwayo ERK, mjumbe mashuhuri wa amri za ukuaji, ina uzito wa daltoni 42,000 hadi 44,000 kutegemea ni ipi kati ya ndugu wawili. Tofauti kati ya ERK iliyolala na iliyoamka haifiki hata asilimia moja ya uzito wake.

Chombo kinachotumiwa zaidi kuiona tofauti hiyo ni kingamwili: protini ileile ambayo mwili hutengeneza kupambana na maradhi, safari hii ikitengenezwa kwa agizo. Viwanda huunda kipande kifupi cha protini, asidi za amino kumi na kitu, kikiwa na fosfeti mahali panapotakiwa. Kipande hicho hufungwa kwenye protini kubwa, mara nyingi inayotokana na damu ya konokono wa baharini wa California, kisha hudungwa sungura. Baada ya wiki kadhaa sungura hutolewa damu, na majimaji yake hupitishwa kwenye neli mbili. Ya kwanza ina kipande kisicho na fosfeti, nayo hunasa kingamwili zote zisizojali kama fosfeti ipo au haipo. Ya pili ina kipande chenye fosfeti, nayo huzishika zile zinazotakiwa. Zikishaoshwa hutiwa kwenye kichupa kidogo, hubandikwa lebo, na kuuzwa kwa dola mia kadhaa kwa ujazo usiojaza hata kijiko cha chai.

Mambo mengi yanaweza kwenda kombo katika safari hiyo. Sungura akifa, mwenzake hatatoa kingamwili zilezile, na kichupa chenye namba ileile ya katalogi kinakuwa na kitu kingine ndani. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge, waligundua njia ya kuzalisha kingamwili ya aina moja kutoka seli zisizokufa, na wengi wakadhani tatizo limekwisha. Halikwisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulichunguza jamii 185 za seli hizo na kukuta karibu theluthi moja zinatoa minyororo ya ziada ambayo haikupaswa kuwamo.

Kingamwili ni shahidi. Hakimu hamhukumu mtu kwa sababu shahidi amefika mahakamani na kitambulisho kizuri, anataka ahojiwe. Maabara nyingi, zikiwemo za Afrika Mashariki, zimezoea kusoma lebo, kumwaga kingamwili kwenye sampuli, kuona alama nyeusi mahali panapokaribia panapotarajiwa, na kuandika matokeo. Tabia hiyo inapoteza pesa za walipa kodi na miaka ya vijana, na imefika wakati vyuo na wafadhili waikatae waziwazi.

Mahojiano yenyewe hayana uchawi. Chukua mfano wa kingamwili inayodaiwa kuitambua ERK iliyotiwa fosfeti. Mtafiti huandaa sahani nne za seli. Ya kwanza hunyimwa virutubisho vya ukuaji usiku kucha. Ya pili hunyimwa vilevile, kisha hupewa kichocheo cha ukuaji kwa dakika tano au kumi. Ya tatu hupewa kwanza dawa inayoizuia MEK, kinasi inayoiamsha ERK, ndipo ikapewa kichocheo. Ya nne huchochewa kama ya pili, lakini protini zake baadaye huchanganywa na kimeng'enya kinachobandua fosfeti zote. Protini za sahani zote nne hupitishwa kwenye jeli inayozipanga kwa uzito, zikahamishiwa kwenye utando mweupe, utando ukaloweshwa kingamwili, na mwanga ukapigwa picha. Wanamaabara hukiita kipimo hiki westani bloti. Bendi mbili zikitokea kwa nguvu kwenye sahani ya pili, zikififia kwenye ya kwanza, na zikipotea kwenye ya tatu na ya nne, shahidi huyo ana la kusema kuhusu fosfeti. Bendi ikibaki imekaa palepale kwenye sahani ya nne, ambako fosfeti zote zimebanduliwa, kingamwili inaona kitu kingine na inafaa kurudishwa kwa muuzaji.

Hata kama imefaulu, bado kuna swali la pili: je, protini iliyobeba fosfeti hiyo ni ERK kweli, au ni nyingine inayofanana nayo shingoni? Jibu la uhakika hutoka kwenye seli ambazo jeni ya protini hiyo imeondolewa kabisa. Kama seli haina protini na bendi bado ipo, kesi imekwisha.

Kuna mitego midogo pia ambayo vitabu vya kozi huipita haraka. Ili kingamwili isishike kila mahali kwenye utando, maabara hufunika nafasi tupu kwa maziwa ya unga yasiyo na mafuta. Ni rahisi na yanapatikana dukani. Kwa kingamwili za fosfeti maziwa yana shida zake, kwa kuwa kasein, protini kuu ya maziwa, imejaa fosfeti. Utando mzima unaweza kuwa mweusi kama masizi, na mwanafunzi akadhani amekosea kila kitu. Wenye uzoefu hutumia albumini ya damu ya ng'ombe. Mtego mwingine ni muda. Seli ikishakatwa kutoka mwilini, vimeng'enya vyake vya kubandua fosfeti havilali. Vinaendelea na kazi mpaka vizuiwe kwa baridi na kemikali. Kipande cha uvimbe kilichotolewa chumba cha upasuaji, kikasubiri kwenye sinia mhudumu arudi kutoka chakula cha mchana, kinaweza kufika maabara fosfeti zimekwishapungua. Mtafiti ataandika kwamba mgonjwa hana ishara fulani, kumbe ishara ilipotelea njiani.

Kwamba hatari hii ni ya kweli, mfano wa Toronto unatosha. Ioannis Prassas na Eleftherios Diamandis walikuwa wakitafuta alama ya mapema ya saratani ya kongosho, ugonjwa unaojulikana kwa kugundulika umechelewa. Walinunua kipimo kilichodai kuitambua protini iitwayo CUZD1, na matokeo ya mwanzo yakatia matumaini. Kadiri kazi ilivyoendelea hesabu hazikukaa sawa. Walipochunguza kwa mashine ya kupima uzito wa molekuli, waligundua kwamba kingamwili za kipimo hicho zilikuwa zikiikamata CA125, protini ambayo madaktari wa saratani ya ovari waliifahamu miaka mingi. Miaka miwili na takriban dola 500,000 zilikuwa zimekwenda. Kinachowapa heshima ni kwamba walichapisha habari hiyo badala ya kuifukia.

Kisa cha Sweden kina uzito zaidi kwa wanawake wengi. Mwaka 2017 kikundi cha Cecilia Williams kilizipima kingamwili 13 zilizokuwa zikitumika kuitafuta aina ya pili ya kipokezi cha homoni ya estrojeni, ambayo tafiti nyingi zilidai iko kwenye saratani ya matiti. Ni moja tu kati ya 13 iliyoikamata protini yenyewe na kuacha nyingine. Na kwa kuitumia hiyo moja, hawakuiona protini hiyo kwenye titi la kawaida wala lenye saratani.

Mwaka 2015, jarida la Nature lilipotoa nafasi kubwa kwa tatizo hili, Andrew Bradbury na Andreas Plückthun, wakiungwa mkono na wanasayansi wapatao mia moja, walikadiria kwamba dunia hupoteza dola milioni 800 kila mwaka kwa kingamwili zisizofaa. Ni makadirio, na mtu anaweza kubishana na hesabu yake. Ila ushahidi uliofuata haujawaaibisha. Kikundi cha YCharOS, kinachoongozwa kutoka Montreal, kiliweka meza moja na makampuni yanayouza bidhaa hizi na kuzipima kingamwili 614 dhidi ya protini 65 zinazohusiana na mishipa ya fahamu, kila moja ikilinganishwa na seli zilizoondolewa jeni husika. Ripoti yao ya mwaka 2023 ilionyesha kwamba kwa kila protini, kwa wastani, makala kumi na mbili hivi zilizokwishachapishwa zilitumia kingamwili iliyoshindwa kuitambua protini iliyotajwa. Zilizofanya vizuri zaidi ni zile zinazotengenezwa kwa kunakili mfuatano wa jeni unaojulikana, bila kumtegemea mnyama tena.

Sehemu ya ripoti hiyo inayofaa kusomwa mara mbili ni ile ya wauzaji. Walipoonyeshwa matokeo, waliziondoa sokoni karibu asilimia 20 ya kingamwili zilizofeli, na kwa asilimia 40 hivi walibadilisha maelekezo ya matumizi. Wale waliokuwa wakisema kwamba mnunuzi ndiye wa kulaumiwa walitikisika pale mnunuzi alipokuja na picha mkononi.

Wauzaji nao wana hoja, na ni haki isikilizwe. Kingamwili inayofanya vizuri kwenye utando inaweza kushindwa kwenye kipande cha nyama kilichohifadhiwa kwa formalini, kwa kuwa kemikali hiyo huzifunga protini pamoja na kuficha sehemu inayotafutwa. Hakuna kiwanda kinachoweza kujaribu kila seli, kila mnyama na kila mbinu ya kila mteja. Hiyo ni kweli. Lakini inaposemwa na anayetoza dola mia nne kwa kichupa, mteja ana haki ya kudai angalau picha ya seli isiyo na jeni husika.

Kwa mtafiti wa Afrika Mashariki mzigo huu ni mzito kuliko wa mwenzake wa Boston. Yule akiletewa kingamwili mbovu hupiga simu, na nyingine hufika ndani ya siku chache. Huku, agizo hupita kwa wakala, wakala huongeza chake, mzigo hutua uwanja wa ndege, na barafu kavu huyeyuka wakati karatasi za forodha zikitafuta muhuri. Mwanafunzi wa uzamili mwenye ruzuku ya mwaka mmoja hana nafasi ya jaribio la pili. Akipata bendi yoyote, kishawishi cha kuiamini ni kikubwa. Si mvivu wala mwongo. Mfumo umemnyima muda wa kumhoji shahidi wake.

Na kuna jambo ambalo mijadala ya Ulaya na Marekani hailigusi sana. Kingamwili nyingi za fosfeti zimeundwa kwa protini za binadamu na kupimwa kwenye seli za binadamu au panya. Mtafiti wa Morogoro anayechunguza ng'ombe, wa Marsabit anayechunguza ngamia, au wa Kampala anayechunguza nguruwe hununua bidhaa hiyohiyo, na kwenye lebo hukuta maneno kwamba inatarajiwa kufanya kazi kwa spishi nyingine kwa kuwa mfuatano wa asidi za amino unafanana. Inatarajiwa! Kufanana kwa asidi kumi na kitu kunaeleza habari ya sehemu iliyolengwa tu. Hakusemi lolote kuhusu maelfu ya protini nyingine za ng'ombe ambazo kingamwili hiyo haijawahi kukutana nazo. Mwaka 2002 kikundi cha Volker Heussler na Dirk Dobbelaere huko Bern kilionyesha kwamba Theileria huikusanya mashine nzima ya kinasi za IKK kwenye ngozi yake ili kuzuia seli ya ng'ombe isijiue. Anayetaka kuendeleza kazi ya namna hiyo kwa ngamia au nyati ataanza kwa kubahatisha vichupa.

Montreal haitapima kingamwili kwenye seli za ng'ombe wa Kizebu. Haina sababu. Kazi hiyo ni ya Nairobi, Morogoro, Entebbe na Kigali, na si kazi ngeni huku. Kuanzia miaka ya 1980 ILRAD ilitengeneza mlolongo wa kingamwili za chembe za damu za ng'ombe, zikapewa majina yanayoanza na IL-A, na baadhi yake, kama IL-A11 inayotambua chembe za CD4, zimetumika katika maabara za mabara mengine kwa miongo kadhaa. Waliozitengeneza walizipima kwa bidii, wakazigawa, wakaandika zinachokamata na zisichokamata. Kilichokuwa kinawezekana Kabete wakati ule, kabla ya mkasi wa CRISPR wa kukata jeni kuwa jambo la kawaida, hakiwezi kuwa ndoto leo.

Hatua za mwanzo hazihitaji jengo jipya wala kukata utepe. COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia ya Tanzania, mfuko wa taifa wa utafiti wa Kenya na baraza la sayansi la Uganda yanaweza kuongeza swali moja kwenye fomu za ruzuku: kingamwili zitakazotumika zimepimwa vipi, na ni fungu gani la bajeti limetengwa kwa kipimo hicho? Anayeshindwa kujibu arudishiwe fomu. Vyuo vikuu vikubali sura ya tasnifu inayoeleza kingamwili zilizofeli kuwa ni kazi ya kisayansi inayostahili alama. Kwa sasa mwanafunzi aliyetumia miezi minane kugundua kwamba vichupa vitatu havifai huonekana amepoteza miezi minane, ilhali amewaokoa wenzake kumi wasinunue vichupa hivyohivyo. Majarida ya sayansi ya ukanda huu yadai namba ya utambulisho ya kila kingamwili, ile iitwayo RRID, ambayo haimgharimu mwandishi hata senti, na picha nzima ya utando badala ya kipande kilichokatwa kwa mkasi wa kompyuta.

Ununuzi nao ubadilike. Benki ya umma ya seli za kingamwili iliyoko Chuo Kikuu cha Iowa, iliyoanzishwa mwaka 1986, huuza kwa bei ndogo sana kuliko makampuni. Ripoti za YCharOS zinasomwa bure na yeyote mwenye simu. Kabla hati ya malipo haijasainiwa, msimamizi wa maabara amuulize wakala mambo matatu: kuna picha ya seli isiyo na jeni? Kuna picha ya sampuli iliyobanduliwa fosfeti? Imepimwa kwa mnyama yupi hasa? Wakala asiyejua amuulize kiwanda, na kiwanda kikikaa kimya fedha zibaki benki.

Kisha kuna kazi kubwa kidogo ya kujenga hazina ya pamoja ya seli za ng'ombe, mbuzi na ngamia zilizoondolewa jeni kumi au ishirini za kinasi na protini zinazofuatiliwa sana, zitunzwe kwenye matangi ya naitrojeni ya taasisi moja na kugawiwa kwa nyingine zote kwa gharama ya usafiri. ILRI ina matangi na watu wenye ujuzi wa seli za mifugo. Chuo Kikuu cha Sokoine kina wanafunzi wa tiba ya mifugo. Na muda hausubiri: Mei 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu kwa mara ya kwanza kipimo cha damu cha kusaidia kutambua Alzheimer, kinachotegemea kingamwili ya protini tau yenye fosfeti katika nafasi ya 217, yaani teknolojia hii imekwishatoka kwenye benchi la mtafiti na kuingia kwenye cheti cha mgonjwa. Vipimo vya namna hiyo vya mifugo navyo vitakuja, viuzwe kwenye masoko ya mifugo ya Dagoretti na Pugu, na atakayevileta atadai vinafaa kwa ng'ombe wa huku. Seli za kumjibu zinapaswa ziwe zimeanza kukuzwa sasa.